Kingamwili sio minyoo, someni majibu vizuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu vipimo vya kingamwili vya minyoo ya mifugo, yaani vinavyotafuta zile kinga ambazo mwili wa mnyama unatengeneza kupambana na minyoo, maana wafugaji wengi wanapewa karatasi imeandikwa chanya alafu basi, hakuna anayewaeleza, mtu anatoka hapo anakimbilia dawa.

Jamani, kingamwili inaonyesha tu kwamba mwili wa mnyama umeshakutana na huyo mnyoo. Inawezekana yupo sasa hivi, inawezekana alishatoka, kwa sababu hata minyoo wakifa wote kingamwili zinabaki kwenye damu wiki kadhaa hadi miezi. Sasa mtu anampa farasi dawa ya tegu, wiki 3 baadaye anapima damu inarudi chanya, anasema dawa imeshindwa, anaongeza dozi nyingine. Huko ni kumuonea mnyama, na tukizoea kumwaga dawa ovyo ndo minyoo sugu wanavyozidi. Na ndama mchanga naye msikimbilie kumpima, kingamwili alizonazo zinaweza kuwa za mama yake, kazinywa kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.

Sisemi kipimo ni kibaya, hapana, mimi nakitetea kabisa. Kupima mayai kwenye kinyesi kuna mapengo yake, mnyoo ambaye hajakomaa hatagi, mfano yule mnyoo mkubwa wa nguruwe anachukua wiki 6 hadi 8 tangu yai limezwe mpaka na yeye aanze kutaga, na siku za mwanzo lava zake, yaani minyoo wachanga, zinapita kwenye ini na mapafu zinaharibu huku darubini haioni kitu. Tegu wa farasi ndo shida zaidi, mayai yake hayatoki sawasawa, unapima leo unakosa kumbe wamejaa. Hapo kingamwili za damu au hata za mate zinasaidia sana, na kwa ng'ombe wa maziwa unaweza kupima maziwa ya kwenye tangi ukajua kundi limekutana na minyoo kwa kiasi gani bila kumchoma ng'ombe hata mmoja sindano.

Ninachoomba kwa maabara na madokta wa mifugo, muulizeni mfugaji mara ya mwisho dawa ilitolewa lini na tarehe iandikwe kwenye fomu ya majibu. Na anayetaka kujua kama dawa imefanya kazi ahesabu mayai kwenye kinyesi kabla ya dawa na tena kama siku 14 baadaye, hilo swali kingamwili haiwezi kulijibu.

Msomaji wako