Mlisheni kwanza, mstari wa Biblia utafuata

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na akina mama wa jumuiya wa Mtwara na Lindi, kuhusu namna tunavyowatia moyo wenzetu waliopata pigo. Korosho zikiharibika, baba akiachishwa kazi, nyumba ikizingirwa na maji kama ilivyokuwa wilayani Kilwa kilipopita kimbunga Hidaya Mei 2024, waumini hatuchelewi kufika. Kasoro iko katika tunachokifanya tukishafika. Hata robo saa haijaisha, Biblia imefunguliwa, mwenye nyumba ameambiwa Mungu ana makusudi yake, ameombewa kwa sauti kubwa, na wageni wameaga. Wiki ya pili hapatikani wa kumuuliza amelala vipi.

Kutia moyo kuna utaratibu, na utaratibu wenyewe umo katika Biblia hiyohiyo tunayoikimbilia. Someni 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amemkimbia malkia Yezebeli anayetaka kumwua, ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani, wala hakumkumbusha ushindi wa Karmeli. Alimgusa akamwambia ainuke ale: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akalishwa tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kumzidi. Ndipo akatembea siku arobaini hadi Horebu, na huko ndiko alikoulizwa anafanya nini. Swali liliulizwa mara mbili, na mara zote mbili akaachwa atoe lalamiko lake lote, maneno yaleyale, bila kukatizwa. Mwisho akapewa kazi za kufanya, na taarifa kwamba wako watu 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti. Chakula, usingizi, kusikilizwa, kazi, wenzake. Sisi tunaanzia mwisho, tena wengi wetu tunaishia hapohapo.

Kwa hiyo ziara ya kwanza iwe ya mikono. Unga kilo tatu, sukari, chumvi, mafuta ya kupikia, samaki wakavu kama wapo, na mtu mmoja wa kubaki kupika na kuwaogesha watoto. Msimuulize mwenye shida anahitaji nini. Atajibu wako salama, ndivyo tulivyolelewa. Pelekeni tu. Wakae watu wawili au watatu, si kumi na watano, maana kumi na watano nao wanataka chai. Rafiki za Ayubu, ambao tunawasema vibaya kila mwaka, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Waliharibu walipoanza kueleza sababu.

Tuseme pia kuhusu kufunga. Mfungo ni jambo jema la kanisa, lakini mtu ambaye kwa huzuni hajatia kitu tumboni tangu juzi asipangiwe mfungo wa siku tatu. Mwili uliokaukiwa unatetemeka, kichwa kinauma, usingizi unakatika, naye anadhani ni mashambulizi ya adui. Mpeni uji. Atafunga siku nyingine.

Sala yenyewe iwe fupi na iwe ya kweli. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni malalamiko, lakini vikundi vyetu vinajua 23 na 121 tu. Chukueni Zaburi ya 13, ina mistari sita. Miwili ya kwanza inamuuliza Mungu hata lini, mara nne. Miwili inayofuata inaomba. Miwili ya mwisho inatumaini. Aliyevunjika moyo aisome mwenyewe kwa sauti, na akishindwa kuvuka mistari miwili ya kwanza aachwe hapohapo hadi wiki ijayo. Zaburi ya 88 inamalizika gizani kabisa, na bado imewekwa kitabuni. Hata lile neno la Maombolezo 3 kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi limetanguliwa na mistari ishirini ya uchungu, kisha sura ya nne na ya tano zinarudi kwenye kilio. Anayelia baada ya kuombewa hajarudi nyuma.

Mstari unaotumika vibaya kuliko yote ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Uko kwenye fulana, kwenye bajaji, kwenye kadi za mahafali. Ni sehemu ya barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, ambao hakuna fulana inayoubeba, unasema miaka 70. Mistari ya 5 hadi 7 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji wa walewale waliowateka. Sura iliyotangulia yupo nabii Hanania, aliyewaahidi watu wa Yerusalemu kwamba yote yatarudi ndani ya miaka miwili. Alishangiliwa bila shaka. Yeremia alimwambia amewatumainisha watu uongo, na Hanania akafa mwaka uleule. Wahubiri wanaotabiri kwamba mwezi huu hauishi kabla mlango haujafunguka waisome sura ya 28 kabla ya kushika kipaza sauti. Mwezi ukiisha na mlango umefungwa, muumini hamlaumu mhubiri. Anajilaumu mwenyewe, anaona imani yake ni ndogo, anaacha kuja.

Lipo na lile la kutafuta mchawi au dhambi. Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kwamba walikuwa na kosa kuliko wenzao. Mkorosho ukipata ubwiriunga, maua yananyauka na kuwa meusi kwa sababu ya ukungu, na salfa inakinga zaidi kuliko inavyoponya. Aliyechelewa kuanza kupuliza, au aliyeruka duru moja kwa kukosa hela ya mafuta ya mashine, atavuna kidogo hata akiwa mtakatifu. Anayemwambia mkulima huyo kwamba shamba limefungwa na mizimu amemnyima jambo la kurekebisha msimu ujao. Mpelekeni kwa ofisa ugani. Wataalamu wa korosho wako Naliendele, hapo Mtwara, si Yerusalemu.

Akishakula na kulala, kaeni naye na karatasi. Upande mmoja kilichopotea, upande wa pili kilichobaki, upande wa tatu nani anamdai, kiasi gani, lini. Wengi hugundua kwamba deni lililowanyima usingizi ni dogo kuliko walivyodhani, au ni kubwa lakini la mtu mmoja ambaye anaweza kuongea naye. Mithali 6 inamwagiza aliyenaswa na deni la dhamana asilale, aende akamsihi mwenzake. Aende kabla ya tarehe, asisubiri ifike, na aende na mzee mmoja wa kanisa, aeleze ataweza kulipa nini na lini. Akiwa na kikundi cha VICOBA aulize mfuko wa jamii una nini. Kinachoangamiza watu huku kwetu ni maamuzi ya wiki ya kwanza: kuuza korosho zingali mtini kwa kangomba, wale walanguzi wa bei ya chini, kuweka shamba rehani, kukopa mahali pengine kulipa mkopo wa kwanza. Mtu mwenye hofu huona bei yoyote ni nafuu. Jumuiya ikiweza kumpatia chakula cha wiki mbili tu, imemwokolea mavuno.

Kwa wanaoona aibu kuomba msaada, Paulo akiwa kifungoni aliandika aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, na Timotheo ajitahidi kufika kabla ya baridi. Mtume aliyeandika kwamba anayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu aliomba nguo.

Watani nao waachwe wafanye kazi yao. Baadhi ya wachungaji wanawazuia kwenye misiba ya Wakristo wakiona ni utovu wa adabu, ilhali mtani anayemfanya mfiwa acheke siku ya tatu amefanya ambalo mahubiri ya saa nzima hayakuweza.

Zipo hali ambazo jumuiya haiziwezi peke yake. Huzuni ikivuka wiki mbili mfululizo, mtu hapati usingizi au analala mchana kutwa, hataki kula, hataki kuongea, amekata tamaa ya kila kitu, apelekwe zahanati, na huko wampe rufaa ya Ligula, Sokoine Lindi au Ndanda. Akitamka kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, sumu za shambani ziondolewe nyumbani, na apelekwe siku hiyohiyo. Mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo. Na asiwepo wa kumwambia aache dawa za presha, sukari au ARV ili kuonyesha imani. Wanaosema hivyo hawaji kumzika.

Waliotutangulia kusini hawakujengwa na maneno matupu. Misheni ya Masasi ilianza 1876 na watu waliotoka utumwani, ikavamiwa na kuchomwa 1882, wengine wakahamia upande wa Newala, na Masasi ikasimama tena baadaye. Nyangao na Lukuledi zilichomwa 1905 wakati wa Maji Maji, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanzisha kituo kingine Ndanda. Kuhama palipowashinda hakukuwa kumkana Mungu. Kijana aliyefilisika dukani akirudi shamba asichekwe kanisani.

Ombi letu kwa viongozi ni dogo. Kila jumuiya iwe na daftari. Pigo likitokea, jina liandikwe na tarehe nne za kurudi: siku ya kumi, wiki ya sita, mwezi wa tatu, na Januari shule zinapofunguliwa, maana hapo ndipo hasara ya Oktoba inapouma. Kila tarehe ipewe watu wawili kwa majina, na iandikwe siku ileile ya kwanza kabla watu hawajatawanyika.

Ni sisi,
Wahudumu wa jumuiya,
Masasi, Mtwara