Kabla hujaleta cherehani kwa fundi, jaribu kwanza kwenye kipande kidogo

Kuna wateja wanatuletea cherehani wakisema imekufa, ukiuliza ilikuwaje unaambiwa nilikuwa nashona kwilti (blanketi la vitambaa viwili vyenye pamba katikati) ya kitanda kizima, ile ya kuzungusha kitambaa kwa mkono, mara uzi ukajisokota chini sindano ikakatika. Tunaiwasha, tunaijaribu, inashona vizuri tu.

Jamani, mara nyingi mashine haina kosa. Ukishona kawaida, yale meno ya chini ndiyo yanavuta kitambaa na kupima urefu wa mshono. Ukiyashusha ili uchore maua na mawimbi, kazi hiyo yote inahamia mikononi mwako, kwa hiyo ukivuta haraka huku pedali umeikanyaga kidogo mishono inakuwa mirefu, ukisita huku mashine inakimbia inajazana pamoja, na mikono haiwezi kujifunza mwendo huo ikiwa inapigana na blanketi zito linaloning'inia pembeni ya meza.

Kwa hiyo kata vipande viwili vya kitambaa vya sm 30 kwa 30, weka pamba ya kujazia katikati, bana na pini. Funga mguu wa kudarizi (kile chuma cha kushikia kitambaa chini ya sindano) na sindano mpya namba 90/14. Uzi wa bobini, yaani ule wa chini, uvute uje juu, shika nyuzi zote mbili kwa mishono ya mwanzo, na tafadhali SHUSHA MGUU, maana huu mguu hata ukishushwa haukandamizi kitambaa kwa nguvu kama ule wa kawaida, ni rahisi sana kusahau, na ukibaki juu uzi wa juu haukazwi na kitu, ndio unaona lile furushi la nyuzi chini.

Shona dakika kumi halafu geuza. Ukiona nyuzi zimetoka kwenye kona kama kope za jicho, mikono yako inakimbia kuliko sindano pale unapokata kona. Punguza mwendo hapo kwanza kabla hujagusa tensheni, yaani mkazo wa uzi.

Ukizoea, tengeneza vya kuwekea glasi au vya kushikia sufuria, ni vidogo na vinatumika hata kama mistari imepinda.

Na kama bado inaruka mishono hata ukishona mstari ulionyooka meno yakiwa juu, hapo ilete, ila njoo na kile kipande ulichofanyia mazoezi. Tukiona upande wake wa chini tunajua pa kuanzia.