Mwenye ulemavu ni msharika, si mgonjwa wa kutembelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wachungaji, wazee wa kanisa na kamati za ujenzi za sharika za Kilutheri nchini. Ubao wa getini husema watu wote wanakaribishwa. Lakini mtu mwenye kiti mwendo akifika anakuta ngazi tatu, anabebwa na vijana wanne kama gunia, kisha anawekwa nyuma karibu na mlango. Jumapili inayofuata haji. Baada ya miezi kadhaa jina lake linaingia kwenye orodha ya wagonjwa wa kupelekewa Chakula cha Bwana nyumbani, na usharika unaona umetimiza wajibu wake.

Huyo si mgonjwa. Ushirika wa nyumbani umewekwa kwa ajili ya aliyelazwa na mzee asiyeweza tena kutoka. Kumpelekea mtu anayekwenda sokoni, kazini na kwenye vikao vya ukoo ni kumwambia kwa upole abaki kwake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo kila mchungaji wetu ameapa kulishika, linalitaja kanisa kuwa kusanyiko la watakatifu, mahali ambapo Injili inahubiriwa na sakramenti zinatolewa. Aliyeachwa nyumbani kwa sababu ya ngazi ametengwa na kusanyiko lenyewe.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Basi usharika wenye watu 900 utarajie kuwa na karibu 100. Wazee wahesabu wangapi wanaonekana kwenye mabenchi.

Nianze na mlango, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Njia mteremko inahitaji urefu wa mara 12 ya kimo inachopanda. Ngazi tatu za sentimita 15 zina kimo cha sentimita 45, hivyo mteremko wake uwe na mita 5.4. Mafundi wengi humwaga zege la mita mbili kwa sababu nafasi ya mbele ya kanisa ni hiyo, na matokeo yake kiti kinataka kupinduka kinyumenyume, hata msukumaji mwenye nguvu anashindwa. Kama nafasi ni finyu, mteremko ufuate ukuta wa ubavuni au uwe na kona. Upana usipungue mita 1.2, kwani baiskeli ya magurudumu matatu ni pana kuliko kiti cha hospitali. Mbele ya mlango paachwe sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, ili mtu asianze kurudi chini wakati mlango unafunguliwa. Pembeni pawe na kingo ya sentimita 10 inayozuia gurudumu lisichomoke, na mabomba ya kushikia pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 hivi. Marumaru zisiwekwe hapo kabisa, hata kama mfadhili amezitoa bure: mvua za masika zikinyesha, hakuna anayepita salama. Zege likwaruzwe kwa ufagio mgumu kabla halijakauka, inatosha. Kuanzia getini pia pawe pagumu pa kupitisha gurudumu, kwa sababu kokoto humkwamisha mtu kabla hata hajauona huo mteremko.

Milango mingi ya makanisa yetu ina mbao mbili, na moja hufungwa komeo mwaka mzima. Zifunguliwe zote.

Choo ndicho husahaulika kuliko vyote. Usharika unajenga njia nzuri ya kuingilia kanisani, halafu choo kiko nyuma, ngazi mbili chini, mlango wa sentimita 60 unaofungukia ndani. Asiyeweza kuingia chooni hujizuia kunywa maji tangu Jumamosi usiku, na ibada ikichukua zaidi ya muda wa saa tatu anaondoka. Chumba kimoja kitengwe, chenye mlango wa sentimita 90 unaofungukia nje, nafasi ya kugeuza kiti na bomba la kujishikilia ukutani. Na kisigeuzwe stoo ya mafagio.

Ndani ya kanisa, mabenchi yakatwe katika sehemu tatu tofauti za kanisa, kila pengo liwe na upana wa sentimita 90 na urefu wa 130. Nasema tatu kwa makusudi. Pengo likiwa moja tu, tena mbele kabisa, huyo mtu anakaa peke yake akitazamwa, wakati mke na watoto wako benchi la saba.

Sasa tuje kwenye Meza ya Bwana, na hapa naomba wachungaji wanisikilize. Madhabahu zetu ziko juu ya ngazi na watu hupiga magoti. Kawaida yetu ni kwamba watu wote wakishapokea, mchungaji anashuka kumfuata yule aliyebaki kwenye benchi. Anapokea wa mwisho, peke yake, kwaya ikiwa imeshaanza wimbo mwingine. Kuna njia rahisi isiyogharimu shilingi: washarika wote wapokee wakiwa chini ya ngazi, kwa mstari mmoja, wanaoweza kupiga magoti wapige, wengine wasimame au wakae. Mwenye mikono inayotetemeka achovyewe mkate kwenye divai. Kwa asiyeona, mchungaji aguse kwanza mgongo wa mkono wake na kusema anachomwekea. Kapu la sadaka nalo liwe kwenye kimo cha sentimita 80, ili aliyeketi atumbukize mwenyewe bila kumpa mtu mwingine amshikie.

Kwa viziwi kuna jambo zito zaidi. Katekisimo Ndogo, kitabu cha mafundisho alichoandika Martin Luther, inafundisha kwamba katika sakramenti hii, pamoja na kula na kunywa, jambo kuu ni maneno yale, kwamba umetolewa na imemwagika kwa ajili yenu kwa ondoleo la dhambi. Mchungaji anayeyatamka akiwa ameinamisha uso kwenye kikombe amemnyima kiziwi jambo kuu lenyewe. Ajifunze kuyasema kwa lugha ya alama, akimtazama machoni. Ni sentensi mbili, mwalimu wa viziwi atamfundisha mchana mmoja. Wapo wanaoshika Warumi 10:17, kwamba imani chanzo chake ni kusikia, wakaona kiziwi hahusiki sana. Luther mwenyewe aliulizwa kuhusu viziwi na bubu, na mwaka 1520 aliandika kwamba wakionyesha kwa ishara za wazi kuwa wanaitamani sakramenti, wasinyimwe. Zimepita karne tano.

Mkalimani wa lugha ya alama asiwe mmoja. Kutafsiri kunachosha akili, na baada ya nusu saa mikono inaanza kuruka maneno, kwa hiyo wawe wawili wakipokezana. Wapewe masomo, namba za nyimbo na muhtasari wa mahubiri kufikia Ijumaa. Wasimame karibu na mimbari, mwanga ukiwapiga usoni, wasiwe na dirisha nyuma yao, wavae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi. Viziwi wakae mbele upande huo. Huduma hii huvunjika kwa sababu mbili zinazojulikana: mkalimani ni mwanakwaya, hivyo anaondoka kwenda kuimba; au halipwi hata nauli, mpaka siku moja haji. Matawi ya CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, husaidia kupata wakalimani waliofunzwa vizuri.

Wenye ualbino na wazee wenye uoni hafifu wanahitaji utaratibu wa ibada uliochapwa kwa herufi za ukubwa wa 18, wino mweusi, karatasi isiyong'aa. Nakala kumi zinatosha kuanzia. Maneno ya nyimbo yasirushwe na projekta juu ya picha za mawingu na maua, hayasomeki.

Kipaimara kinahitaji uamuzi wa mchungaji. Kijana kiziwi aeleze katekisimo kwa alama. Mwenye ulemavu wa akili afundishwe kwa picha na kurudia, na asifelishwe kwa kutokariri.

Jambo jingine linaniuma. Akija mhubiri mgeni, watu wenye ulemavu huitwa mbele kuombewa bila kuulizwa, wakati mwingine wanasukumwa wasimame. Wachungaji walikomeshe. Anayetaka maombi ataomba, kama mshirika mwingine yeyote. Yesu alipoulizwa nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Kanisa letu halianzi sifuri. Shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto na shule ya viziwi ya Mwanga ni matunda ya dayosisi zetu. Kijana anasomeshwa huko na kanisa, anarudi kwao akisoma nukta nundu au akizungumza kwa alama, na usharika wa nyumbani hauna ukurasa mmoja anaoweza kuusoma wala mtu mmoja wa kumsalimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, nasi tusisubiri kusukumwa na serikali.

Hatua ya kwanza ni kwa baraza la wazee kuwaita washarika wenye ulemavu wenyewe, watatu au wanne wa aina mbalimbali, watembee nao kutoka getini hadi madhabahuni wakiwa na futi ya kupimia, na kuandika kila kinachowazuia. Orodha hiyo iingie kwenye bajeti ya usharika ikiwa na kifungu chake, isichanganywe na mfuko wa diakonia unaotoa misaada ya unga na blanketi. Na uchaguzi wa wazee ukifika, majina yao yawemo.

Msharika wa KKKT,
Moshi