Haikuwa bei ya chai: barua ya wazi kwa mkuu wa mitihani

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: JIBU LA "KODI KUBWA" KATIKA SWALI LA UHURU WA MAREKANI

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne nikifundisha historia sekondari. Mwezi uliopita, katika mtihani wa utamilifu, wanafunzi wangu waliulizwa kwa nini makoloni 13 ya Marekani yalitaka kujitenga na Uingereza. Binti mmoja akaandika kwamba chai iliyomwagwa baharini kule Boston ilikuwa nafuu kuliko hata chai ya magendo iliyokuwa ikiuzwa mitaani. Msahihishaji akaikata sentensi nzima kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Kodi kubwa." Niliuomba mwongozo wa usahihishaji, nikausoma mara mbili. Kweli, ndilo jibu lililotakiwa. Binti alikuwa sahihi na mwongozo ndio uliokosea, na kwa kuwa wewe ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya miongozo hiyo, naileta hoja hii kwako.

Nianze na hiyo chai. Mwaka 1773 Bunge la London liliiruhusu Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, kampuni ya biashara iliyokuwa inaelekea kufilisika, kupeleka chai Marekani moja kwa moja bila kubeba ushuru wa Uingereza. Bei ikashuka. Kilichobaki ni ushuru mdogo wa peni 3 kwa ratili, uliowekwa tangu 1767. Sasa mtu anayelalamikia ughali angeishangilia chai ile. Lakini usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walipanda melini wakatupa makasha 342 baharini. Waliona mtego: wakiinywa kwa sababu ni rahisi, watakuwa wamekubali kwamba Bunge wasilo na mjumbe hata mmoja ndani yake lina haki ya kuwatoza. Leo peni 3, kesho chochote.

Hata Sheria ya Sukari ya 1764, ambayo wanafunzi wetu wanaikariri kama mfano wa ukandamizaji wa kodi, iliupunguza ushuru wa molasi, yaani asali ya miwa, kutoka peni 6 kwa galoni hadi peni 3. Kilichowaudhi ni kwamba safari hii ulikusanywa kwa nguvu, na aliyekamatwa kwa magendo angeweza kupelekwa kwenye mahakama ya mambo ya bahari, anakohukumiwa na jaji peke yake bila wananchi wenzake kukaa kumsikiliza. Wakati huohuo Mwingereza wa kawaida kule Uingereza alikuwa akilipa kodi nzito kuliko mkazi wa Massachusetts, koloni lenye mji wa Boston.

Kodi zenyewe zilitoka wapi? Vita dhidi ya Wafaransa vilivyokwisha mwaka 1763 viliiachia Uingereza deni lililokaribia kuwa maradufu ya lile la mwanzo, na bado ilitaka kuweka askari wapatao 10,000 Marekani. London ikaona ni haki wanaolindwa wachangie. Hoja hiyo si ya kijinga, na wanafunzi wanastahili kuisikia.

Ila makoloni yale yalikuwa na mabaraza yao ya kutunga sheria. La Virginia lilianza 1619, zaidi ya miaka 140 kabla ya ugomvi huu. Katika makoloni mengi gavana alitumwa na mfalme, lakini mshahara wake ulipitishwa na baraza la koloni lenyewe. Gavana akiwa mkaidi, mshahara unachelewa. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yao yote, na hapo ndipo London ilipogusa. Mapato ya ushuru wa 1767 kwenye karatasi, kioo, madini ya risasi, rangi na chai yalikusudiwa kuwalipa magavana na majaji ili wasiyategemee tena mabaraza. Mwaka 1772 ilipojulikana kwamba majaji wa Massachusetts watalipwa na mfalme, Boston iliunda kamati ya kuandikiana barua na miji mingine, na mtandao huo ndio baadaye uliosambaza upinzani. Jaji akilishwa na mfalme, mkulima anayeshitakiana na ofisa wa mfalme atapata wapi haki? Naomba sana jambo hili lifundishwe. Sijawahi kuliona kwenye mwongozo wowote.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Tangazo la Uhuru lenyewe, la tarehe 4 Julai 1776. Lina malalamiko 27 dhidi ya Mfalme George III. Huwa nawaambia wanafunzi wayahesabu kwa kidole mpaka waikute kodi. Wanaikuta ya 17. Yaliyotangulia ni sheria zilizokataliwa, mabaraza yaliyovunjwa, majaji waliofanywa watumishi wa mfalme, majeshi yaliyowekwa wakati wa amani. Na hilo la 17 halisemi kodi ni kubwa. Linasema zimetozwa bila ridhaa yetu.

Kuna jambo la pili, nalo linaihusu lugha yetu. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini kueleweka darasani kunataka Kiswahili, na kila mwaka mkono unanyooka: "Mwalimu, mkoloni anadaije uhuru?" Swali zuri mno. Kwetu mkoloni ni aliyetutawala. Wale wa Marekani walikuwa walowezi, na wanafunzi wakilipata neno hilo wanaona upesi kile ambacho mwongozo unakificha. Tangazo la mfalme la Oktoba 1763 liliwazuia walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili. Lilichukiwa mno, na wenye mipango ya ardhi huko, George Washington akiwa mmoja wao, walikuwa na sababu. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, na mabwana wengi wakageuka moja kwa moja dhidi ya Uingereza. Karibu mtu mmoja kati ya watano katika makoloni yale alikuwa mtumwa. Mwongozo unapoandika "unyonyaji" bila kusema nani alimnyonya nani, unawafuta watu hao.

Nikitaka waelewe, nawapeleka Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa kizungu chini ya waziri mkuu wao Ian Smith walijitangazia uhuru kutoka Uingereza hiyohiyo ili kuukwepa utawala wa walio wengi, na maneno ya tangazo lao waliyaiga kutoka lile la 1776. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata kwa ajili ya jambo hilo. Sisemi Philadelphia, lilikotolewa tangazo la 1776, na Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia, ni kitu kimoja. Nasema mwanafunzi anayeweza kuyaweka mawili hayo mezani na kuyatofautisha amejifunza historia.

Tena uhuru haukuwa nia ya mwanzo ya wale wa Marekani. Bandari ya Boston ilifungwa Juni 1774, risasi zikalia Lexington, karibu na Boston, Aprili 1775, na bado Julai mwaka huo wajumbe wao walimwandikia mfalme ombi la suluhu. Hakulipokea. Agosti 23 aliwatangaza kuwa waasi. Ni baada ya mlango huo kufungwa ndipo wengi walipoanza kulitamka neno uhuru bila kunong'ona.

Ombi langu ni hili. Mwongozo wa swali hilo ubadilishwe: badala ya "kodi kubwa" pawe na "kodi bila ridhaa na kupokonywa mamlaka kwa mabaraza", suala la ardhi na la watumwa lipewe alama, na wasahihishaji waelekezwe wasimkate mtoto aliyeeleza kwa ushahidi.

Mtihani wa taifa ni Novemba. Binti niliyemtaja amenijia ofisini kuuliza, swali hilo likirudi aandike lipi, analolijua au linalotakiwa. Sijamjibu. Nasubiri jibu lako.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa historia, kidato cha tatu na cha nne