Seli nyekundu haina kiini, mhariri

Mhariri,

Miaka kumi na mbili nanunua gazeti lako stendi na sijawahi kukuandikia hata mstari, ila ile makala ya afya ya Jumapili imenishinda. Seli nyekundu ya damu mmeichora na kiini katikati kama yai la kukaanga! Na chini yake eti selimundu (sikoseli) ni damu kuwa nyepesi, mtoto apewe juisi ya rozela atakaa sawa. Jamani.

Seli nyekundu ikikomaa haina kiini. Inakitema ikiwa bado kwenye uboho wa mifupa ili hemoglobini, ile protini inayoshika oksijeni, ipate nafasi, ndo maana imebonyea kati pande zote mbili kama donge la chapati lililobonyezwa na vidole. Inabeba oksijeni mwili mzima na yenyewe haitumii hata kidogo, kama dereva wa lori la soda asiyefungua chupa. Ni laini, inajikunja ipite kwenye vimishipa vyembamba kuliko yenyewe, inapiga kazi siku kama 120 hivi halafu inavunjwa, nyingi huko kwenye bandama.

Mi sio daktari, ila binti yangu ana selimundu. Kwenye hemoglobini yake kuna kipande kimoja tu kimebadilishwa, basi ikishaachia oksijeni inashikana kama nyuzi, seli inapinda inakuwa mundu, inakakamaa, haifiki siku 120, inadumu siku 10 mpaka 20, na zinabanana njiani. Hapo mifupa ndo inalia. Sasa sikia, mwezi uliopita asubuhi ya mvua hapa Bukoba mwalimu wa zamu kamkuta paredi kavaa sweta lisilo la shule, kamvua, kamkimbiza uwanja raundi nne, chupa ya maji kaambiwa aache darasani, na barua ya kliniki ipo ofisini kwao tangu la kwanza! Baridi, kiu na mbio, yaani vitu vyote vitatu tulivyokatazwa kavipata ndani ya nusu saa. Saa saba napigiwa simu, nafika namkuta kajikunja sakafuni kang'ata kola ya shati asipige kelele. Siku nane wodini. Halafu Jumapili ya makala yenu mwalimu huyohuyo anarusha picha yake kwenye grupu la wazazi, kaandika "kumbe ni lishe tu, mama fulani jitahidi rozela". Mtoto anakunywa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kila siku mhariri, rozela tunakunywa sisi wenye kiu.

Na mashemeji nao walishasema ni mambo ya kwetu. Hakuna cha kwetu, mimi nimebeba kinasaba chake na baba yake kabeba, basi kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Kabla ya ndoa kanisani walitudai cheti cha ukimwi, picha za pasipoti na mchango wa viti, sikoseli hakuna aliyeitaja.

Ombi langu ni dogo. Jumatatu baada ya mechi ya Simba na Yanga, ukurasa wa nyuma ambao hata mwalimu wa zamu anausoma, wekeni seli nyekundu saizi ya sahani ya wali, rangi kamili, na pembeni yake iliyopinda. Nitanunua nakala tano, moja naipiga lamineshini naibandika mlango wa ofisi ya walimu. Kiini msiweke.

Mama wa darasa la tano,
Bukoba