Taarifa ya Mwenyekiti kwa wenye boti na waongoza wageni, Pangani

Ndugu wanachama, wazee shikamooni, wengine habari za saizi. Mambo ya hela mweka hazina atayasoma, mi naongezea tu kwamba ada wengi bado hamjalipa na mnajijua.

Nataka tuongee Maziwe, kile kisiwa chetu cha hifadhi ya bahari. Wageni mwaka huu tumewapata na hela tumeiona, hapo hakuna ubishi, ila siku zile za Idi na mwisho wa Desemba boti zilijazana mpaka nahodha anakosa pa kuweka nanga, akikosa anaibwaga tu juu ya matumbawe, na yale matumbawe makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, sasa kipande unachovunja asubuhi moja piga hesabu mwenyewe kitarudi lini. Alafu kile kisiwa si cha kubeba umati jamani. Wazee hapa wanakumbuka miti yake ya mivinje, leo ni mchanga mtupu, bamvua likija, yale maji makubwa, kinafunikwa chote, ndo maana mayai ya kasa yanachimbuliwa na kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo huku bara, yakiachwa yanazama. Na sisi palepale tunashusha spika na jiko la mkaa!

Kule Thailand kuna ufukwe unaitwa Maya Bay, ulifika kupokea watu kama elfu tano kwa siku, matumbawe yakafa, serikali ikaufunga 2018 na kuufungua Januari 2022. Papa wadogo walirudi wenyewe. Ila leo boti haziingii tena kwenye ile ghuba, zinashusha watu upande wa nyuma. Sasa wewe mwenye mkopo wa injini, ungevumilia kufungiwa miaka yote hiyo?

Na barabara ya Tanga, Pangani mpaka Bagamoyo ikiisha, mtu wa Dar atakuja kulala siku moja tu na kurudi, kwa hiyo umati huu unaotushinda leo ni mdogo.

Kingine ni mama zetu wa pweza. Wanalalamika kuna mahali uzio umeshushwa hadi karibu na maji na mlinzi anawafukuza, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka meta 60 za kuachwa bila ujenzi. Jina la hoteli silitaji, tumeshaandika barua kwa halmashauri. Lakini na sisi tusijifanye watakatifu, samaki wote wazuri tunawapelekea wageni, mtaani inabaki dagaa na kwa bei ya kuruka.

Pendekezo la kamati: boti ziende Maziwe kwa zamu, kila mtu afunge boti kwenye boya badala ya kutia nanga, spika na mkaa vibaki bara. Najua kuna wanaosema tutawaachia riziki wasio wanachama. Hilo ni kweli, ndo maana tunataka zamu zipitie kwa maafisa wa hifadhi ili ziwabane na wao.

Kura baada ya chakula. Na yule mwenye maboya mawili ya chama nyumbani kwake, ayarudishe kabla hatujamtaja.