Barua kwa Mwanangu: Sahani Niliyokurudisha Nayo

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Makunduchi hatujambo, goti la mama yako limepungua uvimbe, na masika yamekwisha salama. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ya juzi tuliikata vibaya. Nilikueleza kwamba mimi na ami yako tumepeana mkono, nikategemea utafurahi, lakini ulinyamaza kwa muda mrefu, kisha ukasema kuwa safari hii hutavuka kuja Unguja kwenye Mwaka, sikukuu yetu ya Mwaka Kogwa, kwa kuwa huwezi kukaa baraza moja na mtu aliyemdhulumu baba yako. Maneno hayo yameninyima usingizi siku tatu, si kwa ukali wake, bali kwa sababu niliyatambua. Ni maneno yangu mimi, nawe umeyatunza kama amana.

Unaikumbuka ile sahani? Ulikuwa na miaka 9, na ilikuwa Ramadhani ya kwanza baada ya minazi kuuzwa. Mke wa ami yako alikupa mihogo ya nazi iliyofunikwa kawa, utuletee ya kufuturia, kama nyumba zetu mbili zilivyozoea kupelekeana tangu enzi za bibi yako. Ulifika nayo mlangoni, na kabla hujaitua nikakuamuru, mbele ya wageni, uirudishe ilikotoka. Ulikwenda nayo huku tui likikumwagikia mkononi, na adhana ya Magharibi ikakukuta njiani ukiwa na saumu yako ya kitoto ambayo ulikuwa umeifunga kwa fahari kutwa nzima. Tangu jioni ile hukukanyaga tena kwa ami yako, nami nilijisifu moyoni kwamba nina kijana mwenye msimamo. Leo naona kwamba sikukupa msimamo; nilikutwika mzigo wangu ungali mdogo, kisha nikakusifu kwa kuubeba.

Kisa chenyewe unakijua, sitakirefusha. Babu yako alituachia minazi 22, ambayo kwa mirathi ilikuwa 11 yangu na 11 ya ndugu yangu, na ami yako akaiuza yote kwa mtu mmoja bila ya kunishauri. Fedha zile sikuziona, wala mpaka leo sijui ziliishia wapi. Kwa miaka 14 nilitaka kujua. Nilihesabu nazi ambazo ningeziangua kila msimu, nikapiga hesabu ya bei, nikajumlisha, na nadhani katika kijiji hiki hapakuwa na mtu aliyeifahamu mali aliyonayo kama mimi nilivyoifahamu mali ambayo sinayo.

Jambo lililonishitua ni hili. Unajua kwamba mimi hufunga Jumatatu na Alhamisi, na kwamba nimeshikamana na sunna hiyo kwa miaka mingi. Baada ya Mwaka uliopita, katika darsa ya msikitini, sheikh alisoma hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kwamba milango ya Pepo hufunguliwa siku ya Jumatatu na siku ya Alhamisi, akasamehewa kila mja asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote, isipokuwa mtu ambaye baina yake na ndugu yake pana uhasama, na husemwa juu yao: wangojeeni hawa wawili mpaka wapatane. Ilikuwa Alhamisi, mwanangu, nami nilikuwa nimefunga. Nilikaa pale na njaa yangu nikitafakari ni Jumatatu ngapi na Alhamisi ngapi nilizozipitisha na kinywa kikavu, huku nikingojewa.

Hata hivyo sikwenda kwake siku ile. Moyo wa mtu mzima ni mzito kugeuka, na nisingependa udhani kwamba hadithi moja ilitosha. Nilianza kwanza kukumbuka yaliyotokea uwanjani katika Mwaka uleule. Wewe umekulia katika Mwaka Kogwa na huhitaji kuelezwa: kila Julai, tunapoingia mwaka mpya wa ile hesabu ya wazee ya siku 365, inayokwenda kwa miongo ya siku kumi kumi, wanaume wa kaskazini na wa kusini hukabiliana kwa mabua ya migomba na kupigana hadi wachoke, ili magomvi ya mwaka unaokwisha yaishie palepale, na kibanda cha makuti kikatiwa moto. Wako wanaosema kwamba mambo haya hayana asili katika dini, na mimi sibishani nao. Ninachokijua ni kwamba nimeshuhudia watu waliokuwa hawasalimiani wakitoka pale na michubuko, wakicheka. Lakini mimi na ami yako ni wa upande mmoja. Kwa miaka 14 tulisimama bega kwa bega, mabua yetu yakiwaangukia watu ambao hawakutukosea lolote. Mwaka jana bua lilipokuwa linakuja kichwani mwangu, mtu alilizuia kwa mkono wake, na nilipogeuka nimshukuru nikaona ni yeye. Sikumshukuru. Niligeuza uso, nikarudi nyumbani nikaoga, nikavaa nguo mpya, na nilikuwa mchafu vilevile.

Nilikwenda kwake miezi mitatu iliyopita, Alhamisi baada ya Alasiri. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, nikaikosa yote nilipomwona jinsi alivyokonda. Aliniambia, “Nihalalishie, kaka.” Nilikuwa na haki ya kumwuliza fedha zilikwenda wapi, na swali hilo lilinifika ulimini. Wanazuoni wanatufundisha kwamba toba ya aliyechukua haki ya mtu haitimii kwa kujuta, kuacha na kuazimia kutorudia tu, mpaka airejeshe haki ile kwa mwenyewe au mwenyewe amhalalishie. Yeye hana cha kurejesha. Kwa hiyo mlango wa toba yake ulikuwa mkononi mwangu, na nikaona ni jambo la kutisha kwa mja mmoja kushika ufunguo wa mwenzake kwa ajili ya minazi. Nikamwambia nimekuhalalishia, duniani na Akhera. Swali sikuliuliza, na sitaliuliza.

Unaweza kusema kwamba hiyo ni haki yangu niliyoiachia, na kwamba haikulazimu wewe usahau. Ni kweli, na wala mimi sijasahau. Nikipita upande ule nikaiona minazi yetu inaanguliwa na mtu mwingine, kifua hunibana bado. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ami yake, Hamza, aliyeuawa katika vita vya Uhud kwa mkuki wa Wahshi. Miaka ilipita, Makka ikafunguliwa katika mwaka wa 8 wa Hijra, na Wahshi akaja kusilimu. Mtume aliupokea Uislamu wake, hakumlipiza kisasi, lakini alimwuliza kama angeweza kuuweka uso wake mbali naye. Mimi huirudia habari hiyo mara nyingi. Msamaha ulikuwa kamili na maumivu yalikuwapo, na wala kimoja hakikukanusha kingine. Kwa hiyo sikuombi usahau ile sahani. Nakuomba tu usiendelee kumdai ami yako kwa niaba yangu, kwa sababu mdai mwenyewe ameshalifuta deni.

Na jambo la mwisho ndilo gumu zaidi kwangu kukuandikia. Ijumaa iliyofuata, nilipokwenda sijda, nilikosa la kusema. Ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka 14 nilikuwa nikisimama mbele ya Mwenyezi Mungu kama mdai mwenye kesi, na mdai huja kulalamika, haji kutubu. Dhambi za ndugu yangu wa damu moja zilikuwa zimejaa kiasi kwamba zangu hazikupata pa kukaa. Kesi ilipoondoka nikazikuta zangu, moja moja, na ya kwanza ilikuwa wewe pale mlangoni na kawa mkononi. Sijawa walii, na mama yako atakuthibitishia kwamba bado nina hasira za asubuhi. Lakini sala yangu imeanza upya katika umri ambao nilidhani sala ya mtu imeshakuwa ilivyo. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa na njaa, nami nilikutuma urudi.

Unajua desturi yetu kwamba siku ya Mwaka si vyema nyumba ikakosa mgeni. Watoto wa ami yako wote wako mbali na nyumba yake haina mtu wa kuja. Ameniuliza kama utalala kwake, nikamjibu kwamba sijui. Ukiona ni mapema mno, lala kwetu. Na ukikutana naye kifua kikakubana, msalimie kisha ukae upande mwingine wa baraza, naye atakuelewa, maana nimemweleza. Niarifu siku na boti utakayopanda kutoka Dar es Salaam ili nije kukupokea bandarini. Ami yako anasema anaweza kuazima gari tukaja pamoja. Au nitakuja peke yangu kwa daladala, vyovyote utakavyosema wewe.

Wabillahi tawfiq,
Baba yako